Popo wanamaliza maembe na mashelisheli yangu: je, naruhusiwa kuwaangamiza?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mkulima, niko Pemba. Katika shamba alilotuachia marehemu baba kuna mivule miwili mikubwa ambayo popo wamefanya makazi. Msimu ukifika wanashukia maembe na mashelisheli, asubuhi nakuta makapi tu chini. Vijana wameniahidi kuitia moto miti hiyo mchana popo wakiwa wamelala. Kamati ya mazingira ya shehia imekataza, inasema popo hawa hawapatikani pengine. Mimi nauliza: si Mwenyezi Mungu amesema ametuumbia vyote vilivyomo ardhini? Iweje popo awe na haki kuliko mwanangu? Na kama wameshakadiriwa kwisha, si watakwisha tu hata tukiwalinda? Mwisho, naomba hukumu ya mkojo wao unaotudondokea nguoni tukienda kuswali alfajiri.

JAWABU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Nianze na moto, maana hilo halisubiri. Waambie vijana waache leo hii. Katika Sunan Abi Daud imepokewa kwamba masahaba walichoma kichuguu cha sisimizi wakiwa safarini, Mtume (S.A.W.) akauliza nani aliyechoma, kisha akasema haimpasi yeyote kuadhibu kwa moto isipokuwa Mola wa moto. Na katika Bukhari na Muslim kuna kisa cha Nabii mmoja wa zamani aliyeumwa na sisimizi, akaamuru kiota chote kichomwe. Mwenyezi Mungu akamteremshia wahyi: sisimizi mmoja tu amekuuma, nawe umeunguza umma mzima unaomsabihi Mwenyezi Mungu? Zingatia lawama ilipoangukia. Hakulaumiwa kwa kujikinga na yule aliyemuuma. Amelaumiwa kwa kuumaliza umma kwa ajili ya kosa la mmoja. Ndugu yangu, hapo ndipo lilipo jibu la swali lako, na mengine nitakayoeleza ni ufafanuzi wake.

Aya uliyoitaja ni ya 29 ya Suratul Baqara, na ni kweli Mwenyezi Mungu ametuumbia vyote vilivyomo ardhini. Lakini wengi tunaisoma kisha tunafunga msahafu. Aya inayofuata, ya 30, ndiyo ya ukhalifa, yaani mwanadamu kuwekwa msimamizi wa ardhi, na ndani yake Malaika wanauliza: utamweka humo atakayefanya ufisadi na kumwaga damu? Yaani umepewa ardhi, na papo hapo ikaelezwa kinachohofiwa kutoka kwako. Hali yako juu ya viumbe ni kama ya mtu aliyewekewa shamba la wakfu ale matunda yake. Ale, auze, agawe, hakuna wa kumzuia, ila mti wenyewe si wake kuung'oa, maana kuna watakaokuja baada yake nao wana fungu.

Tena Mwenyezi Mungu anasema katika Suratul An'am, aya ya 38, kwamba hapana mnyama anayekwenda ardhini wala ndege anayeruka kwa mbawa zake mbili ila ni umma mfano wenu. Na Nabii Nuh (A.S.) alipoamrishwa kupakia jahazini, aliambiwa apakie dume na jike wa kila namna. Hakuambiwa achague wale wenye faida na kuacha wasumbufu. Kisa hiki tunawahadithia watoto kila siku, lakini sijui ni wangapi wamejiuliza kwa nini Nabii wa Mwenyezi Mungu, tufani ikija, ashughulishwe na kila jozi.

Sasa tuje kwa popo wako. Hili la kamati kusema hawapatikani pengine si maneno ya kutishia watu. Popo wa Pemba, yule mkubwa mwenye uso kama wa mbweha, ambaye mbawa zake zikikunjuliwa zinakaribia mita moja na nusu, Mwenyezi Mungu hakumweka Unguja, wala Mombasa, wala nchi nyingine yoyote. Akiisha Pemba, amekwisha duniani. Na alikaribia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walihofia kwamba waliobaki ni mamia tu, kwa sababu ya kuwindwa na kukatwa misitu. Watu wa vijijini wenyewe, kama wa Kidike, wakaanza kulinda miti ya malazi, na leo popo hao wanahesabiwa kuwa zaidi ya 20,000. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Moto wa mchana mmoja kwenye mivule yako unaweza kufuta uzao wa miaka mingi.

Umesema unakuta makapi chini. Yaangalie vizuri hayo makapi. Popo hamezi embe zima, hulitafuna akafyonza maji, kisha akatema nyuzinyuzi. Lakini akila kuyu na matunda mengine ya mwituni, mbegu ndogo humpita tumboni, naye huzidondosha akiwa hewani, mbali na mti mama. Ndivyo misitu inavyojiotesha. Na maua ya mbuyu na msufi hufunguka usiku, wakati nyuki wamelala, na popo walao matunda ni miongoni mwa wanaoyabebea chavua. Pemba imeshakatwa sana kupisha mikarafuu, hasa baada ya kimbunga cha 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja na kilimo hicho kuhamia kwenu. Msitu wa Ngezi ni sehemu ya kile kidogo kilichobaki. Ukimwondoa anayepanda mbegu bila kulipwa, utamwajiri nani badala yake? Hayo ndiyo wataalamu wanayoyaita bioanuwai, yaani wingi wa namna za viumbe na jinsi wanavyotegemeana, na ripoti kubwa ya kimataifa ya mwaka 2019 ilikadiria kuwa aina zipatazo milioni moja za wanyama na mimea ziko hatarini kutoweka. Mwenyezi Mungu ameshasema katika Suratur Rum, aya ya 41, kwamba ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yale iliyoyachuma mikono ya watu, ili awaonjeshe baadhi ya waliyoyatenda, huenda wakarejea. Mkoko ukikatwa kamba hana pa kulelea watoto wake, na mvuvi ndiye wa kwanza kuonja.

Ama hoja ya qadari, kwamba wakikadiriwa kwisha watakwisha tu, hiyo si ngeni. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham, akasikia habari za tauni, akaamua kurudi. Sahaba mwenzake Abu Ubayda akamuuliza: unaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu? Akajibu: naam, tunaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye qadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha akampa mfano wa mwenye ngamia aliyefika kwenye bonde lenye pande mbili, moja lina majani na jingine kavu. Akilisha upande wenye majani ni kwa qadari, na akilisha upande mkavu ni kwa qadari vilevile. Wewe mwenyewe embe zako huziachii qadari, ndiyo maana umeniandikia.

Kuhusu kamati, ina haki kukataza. Mtume (S.A.W.) alilitenga eneo la Naqi' liwe malisho ya farasi wa Waislamu, na ndani ya mipaka ya Madina akakataza kukata miti na kuwinda. Umar naye akatenga malisho ya Rabadha. Hapo kwenu, kisiwa cha Misali kilipotangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998 na sehemu yake kufungwa kwa uvuvi, masheikh walikwenda kwa wavuvi na aya hizi hizi, na wapo waliosikia maneno ya khutba kuliko amri ya serikali. Lakini, na hili nalisema kwa kamati nao wanisikie, Umar alipomweka Hunayy kuwa msimamizi wa malisho yale, alimwambia amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache aingie, na asihangaike na mifugo ya Ibn Awf na Ibn Affan, waliokuwa matajiri. Akatoa sababu: wanyonge mifugo yao ikifa watamjia na watoto wao, na maji na majani ni mepesi kwake kuliko dhahabu na fedha. Basi haifai kumwambia mkulima mdogo "usiguse" kisha akaachwa na watoto wake wanalala njaa. Wageni wanaolipa kiingilio kutazama popo, sehemu ya fedha hiyo ifike kwa mwenye mashelisheli. Kudai hilo ni haki yako, dai kwa sheha na kwa kamati bila kuona haya.

Wala sheria haikukufunga mikono. Kanuni ni kwamba madhara huondolewa, ila hayaondolewi kwa madhara mfano wake, na anayejikinga huanza na lililo jepesi. Chuma maembe yakishakomaa kabla hayajaiva mtini. Funika mashelisheli ya karibu kwa wavu unaoonekana na uliokazwa, si ule mwembamba wa kunasa mbawa. Gonga debe usiku uwatishe. Na kinachokupita baada ya hapo hakikupotea: katika hadithi ya Anas, Muislamu akipanda mti akala humo ndege, mtu au mnyama, ni sadaka yake.

Kuna wanaosema wamuwinde kwa ajili ya nyama. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imamu Nawawi ameeleza wazi kuwa popo ni haramu kuliwa. Wamaliki wana kauli nyepesi zaidi, lakini sijamwona mlaji wa popo huku pwani akitafuta kauli ya Malik kwenye jambo jingine lolote. Bayhaqi amepokea pia, kwa sanad (mlolongo wa wapokezi) aliyosema ni sahihi, kauli ya Abdullah bin Amr (R.A.) inayokataza kumuua popo. Ni kauli ya sahaba, si hadithi ya Mtume, na wapo wanaoona asili yake ni habari za Wana wa Israili, kwa hiyo sikuijengea hukumu.

Mivule ni mali yenu warithi. Mkiwa na haja ya kweli ya mbao, shaurianeni, ombeni kibali, na msikate wakati majike wana watoto wachanga ambao bado hawajaweza kuruka. Kukata kwa hasira za popo tu, sikushauri.

Mkojo wa popo kwa Mashafi ni najisi, lakini ule mdogo unaodondoka nguoni umesamehewa kwa kuwa ni tabu kuuepuka. Swala yako ni sahihi, na ukiweza kuosha ni bora. Embe aliloliuma si najisi, ila usilile wala usimpe mtoto, madaktari wanahadharisha magonjwa. Mpe mbuzi? Hapana, lifukie.

Wallahu a'lam.