Mtoto Akiugua Kabla ya Safari: Kudai Nauli kwa Bima ya Kadi

Wengi wetu tunaoishi Marekani tuna bima ya safari bila kujua. Imo ndani ya kadi ya mkopo, imeelezwa kwa maandishi madogo kwenye kijitabu ambacho hakuna anayekifungua mpaka mtoto aamke na homa wiki ya safari.

Kwetu ilikuwa nimonia. Desemba yote ilishapangwa: nauli za watu watano kutoka Columbus, Ohio, hadi Zanzibar kupitia Addis Ababa, hoteli Nungwi, kisha nyumba ya kupanga Paje pamoja na binamu zangu wa Tanga. Binti yetu wa katikati akaanza kukohoa, homa ikapanda, na picha ya kifua ikaonyesha nimonia. Mume wangu alitaka tulipigie simu shirika la ndege usiku uleule. Nikamwambia, "Subiri kwanza, Baba Aisha. Tuanze na daktari."

Madai mengi hukwama hapo. Kampuni ya bima haikulipi kwa kuwa mtoto aliumwa. Inakulipa kwa kuwa daktari alisema asisafiri, na alisema hivyo kabla hujaghairi. Ukighairi Jumatatu, barua ya daktari ikawa ya Jumatano, anayepitia madai atasema uliamua mwenyewe. Kwa hiyo mkiwa bado mbele ya daktari, muulize waziwazi: huyu mtoto anaweza kupanda ndege tarehe fulani? Akisema hapana, mwombe aandike hivyo hivyo kwenye faili, siku hiyo hiyo, na tarehe ya safari aitaje. Madaktari wengi, wasipoombwa, huandika tu kwamba mgonjwa apumzike, anywe maji ya kutosha, arudi baada ya wiki. Hiyo inamtosha mwalimu wa darasa, kampuni ya bima haitoshelezwi nayo. Baadaye utapewa fomu ambayo daktari mwenyewe ataijaza: dalili zilianza lini, alimwona mgonjwa lini, alizuia safari lini. Ipeleke kwa mkono wako, na ukitaka kujua imefikia wapi usimtafute daktari. Mtafute dada wa mapokezi, maana yeye ndiye anayejua karatasi zinalala wapi.

Barua ikishapatikana, ghairi mara moja. Bima huhesabu hasara kama ilivyokuwa siku safari iliposhindikana. Tuseme hoteli hurudisha nusu ya fedha ukighairi siku 14 kabla, nawe ukangoja kuona kama mtoto atapata nafuu hadi zikabaki siku 3: ile nusu iliyopotea ni yako, bima haitaigusa. Najua ni vigumu kukata tamaa mapema, hasa Bibi akiwa kijijini ameshaanza kununua kuku. Na shirika la ndege likikupa vocha, uliza masharti yake kabla ya kuikubali, kwa sababu kwa kawaida thamani yake hukatwa kwenye fidia.

Sasa tuje kwenye malipo, ambako sisi watu wa diaspora hujifungia mlango wenyewe. Tuna mawakala wetu wa tiketi, watu wazuri, wanaopata nauli nafuu kweli. Lakini wengi hupunguza bei ukilipa kwa Zelle, yaani kuwatumia fedha moja kwa moja kutoka benki yako, na kuongeza asilimia kadhaa ukilipa kwa kadi. Ukilipa kwa Zelle, kadi yako haina habari na safari hiyo, na bima yake haitakulinda. Mimi naona ile nyongeza ni bei halali ya bima, hasa unaposafiri na watoto wadogo.

Kadi zenyewe hazifanani. Kwa Chase Sapphire Preferred, inatosha sehemu ya gharama iwe imelipwa kwa kadi au kwa pointi zake, na fidia hufika hadi dola 10,000 kwa msafiri na 20,000 kwa safari nzima. Kadi za American Express zenye bima hii hudai safari ya kwenda na kurudi ilipwe yote kwa kadi. Citi nayo ilifuta bima hizi kwenye kadi zake nyingi Septemba 2019, na wapo wanaobeba kadi hizo hadi leo wakidhani bima ingalipo. Angalia pia muda wa kutoa taarifa: kuna kadi zinazotoa siku 20 tu tangu tukio.

Sisi tulirudishiwa nauli na hoteli, baada ya kuombwa nakala zilezile zaidi ya mara moja. Nilituma tena bila kugombana. Nyumba ya Paje sikuiingiza kabisa kwenye madai, kwani ilikuwa imelipwa kwa M-Pesa kwa mwenye nyumba, bila mkataba wala risiti. Binamu zangu walikwenda kulala huko bila sisi, na picha za bahari wakatutumia.

Msichanganye bima hii na ile ya dola 44 ambayo Zanzibar huwatoza wageni watu wazima tangu Oktoba 2024. Ile ni ya mtu aliyeshafika visiwani, nauli uliyopoteza ukiwa Ohio haiihusu.

Jambo jingine linalotugusa ni wazazi. Kadi nyingi hulipa hata anapougua mzazi ambaye hasafiri nanyi, mfano mama aliyelazwa Tanga wakati mnajiandaa kwenda kwingine. Kizuizi ni ugonjwa wa zamani. Kampuni hutazama nyuma, mara nyingi siku 60 kabla hujalipia safari, na kama katika muda huo mgonjwa alitibiwa au alibadilishiwa dawa kwa ugonjwa huohuo, madai hukataliwa. Kwa hiyo kama mama ana presha au sukari, mpigie simu umuulize kama kliniki wamemgeuzia dozi karibuni, ndipo ulipe nauli.