Maswali ya Wasomaji: Kasuku Akisema, Anajua Anachosema?

SWALI: Nyumbani tuna kasuku wa kijivu. Mtu akipiga hodi, yeye huitikia "karibu" kabla yetu. Jirani anasema ni kuiga tu, mimi naona anaelewa. Nani kati yetu ana haki? *Msomaji, Tanga*

JIBU: Kila mmoja ana sehemu yake. Kasuku wenu ameunganisha sauti mbili, na kila anapoitoa ya pili mlango hufunguliwa, watu huingia, nyumba inachangamka. Kwa ndege ambaye kwa asili huishi kundini, hayo ni malipo makubwa. Kwa hiyo analitumia neno mahali pake, na hilo ni zaidi ya kuiga. Lakini bado hatujui kama kwake "karibu" ni mwaliko au ni sauti inayofuata "hodi".

Mjaribuni kwa kubadilisha jambo moja moja. Siku moja mgeni agonge mlango bila kusema neno. Siku nyingine mtu aliyekwisha kuketi sebuleni, mbele ya macho ya kasuku, aseme "hodi". Akimkaribisha mtu ambaye yumo ndani tayari, basi anaijibu sauti, hamjibu mgeni. Msimfanyie majaribio yote mawili siku moja, na msimpe chakula baada ya jibu lolote, la sivyo mtakuwa mmemfundisha jambo jipya badala ya kumpima.

SWALI: Nimesoma kuhusu kasuku Alex wa Marekani aliyejua rangi na hesabu. Mbona hadithi yake inafanana na ya yule farasi wa Ujerumani aliyedhaniwa anajua hesabu, kumbe anamtazama bwana wake? *Msomaji, Nairobi*

JIBU: Shaka yako ni ya haki, na ndiyo iliyotawala kazi yote ya mwanasayansi Irene Pepperberg, aliyemnunua Alex dukani mwaka 1977 na kufanya naye utafiti hadi ndege huyo alipokufa Septemba 2007. Farasi Hans wa Berlin aligonga kwato mpaka aone kichwa cha muulizaji kimesogea kidogo, kisha akaacha. Mtafiti Oskar Pfungst alilibainisha hilo mwaka 1907. Lakini Hans alihitaji kujua wakati wa kuacha tu. Alex alitakiwa kuchagua neno moja kati ya mengi na kulitamka, na si rahisi mtu amdokezee neno zima kwa kutikisa kichwa.

Hata hivyo, kinga ziliwekwa. Maswali ya rangi, umbo, kitu na idadi yalichanganywa ili asikisie kwa mazoea. Mtu mmoja alionyesha vitu na kuuliza. Mwingine aliketi akiwa amempa kasuku mgongo, hajui kilichoonyeshwa, akarudia kwa sauti neno alilolisikia. Katika jaribio moja Alex aliwekewa vitu vya aina mbili na rangi mbili vikiwa vimechanganyika, akaulizwa vya aina fulani yenye rangi fulani ni vingapi. Alipatia takribani mara 8 katika kila 10. Huwezi kulijibu swali hilo kwa kushika neno moja tu ndani yake.

Jambo linalotushawishi kuliko yote ni neno "hakuna". Alifundishwa kulisema pale vitu viwili visipokuwa na tofauti. Baadaye, katika majaribio ya idadi, alilihamishia mwenyewe mahali pasipokuwa na fungu la idadi iliyotajwa. Hakufundishwa matumizi hayo.

Je, hiyo ni lugha? Hapana, na Pepperberg mwenyewe alijizuia kuiita hivyo. Alex hakusimulia ya jana, wala hakujenga sentensi mpya kwa kanuni kama mtoto wa miaka minne. Alikuwa na majina ya vitu na sifa zake, na maana ya majina hayo aliijua. Hiyo inatosha kumheshimu.

SWALI: Naweza kumfundisha kasuku wangu kama Alex, kwa Kiswahili? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Unaweza kujaribu, ila unahitaji mwenzako. Mmoja ni mwalimu, mwingine ni mwanafunzi na pia mshindani wa kasuku. Mwalimu anainua kizibo, anauliza: "Nini hii?" Mwenzake anajibu "kizibo", anapewa kizibo chenyewe na kukichezea kwa furaha. Mara nyingine akosee makusudi: mwalimu aseme "hapana", akifiche kitu kidogo, kisha aulize tena. Halafu badilishaneni nafasi. Msipobadilishana, ndege huzoea kwamba mtu fulani ndiye muulizaji, akiulizwa na mwingine ananyamaza.

Malipo yawe kitu kilichotajwa. Ukimpa karanga kila anaposema "kizibo", kwake "kizibo" itamaanisha karanga. Ndege asiyependa vizibo afundishwe jina la kitu anachokipenda, kisha baada ya kukipokea aruhusiwe kuomba chakula.

Chagua maneno yasiyofanana mwanzoni. "Karatasi" na "karanga" zisifundishwe pamoja, kwa sababu mwanzoni hutoa kipande tu, na ukisikia "kara" hutajua anataka ipi. Kwa rangi, uliza "rangi gani?" na jibu libaki "nyekundu" daima. Ukimchanganyia mwekundu, chekundu na jekundu, unampa maneno manne kwa jambo moja. Idadi nayo iwe moja, mbili, tatu, bila kufuata ngeli.

Vipindi viwe vifupi, mkome kabla hajachoka. Funguo na minyororo iliyopakwa zinki usimpe kabisa: zinki humsumisha kasuku. Tumia chuma kisichoshika kutu.

SWALI: Je, redio au video zinaweza kumfundisha nikiwa kazini? *Msomaji, Kampala*

JIBU: Hazitoshi. Pepperberg alijaribu kanda za sauti na za video kwa kasuku wengine, hawakujifunza kuyatumia maneno kwa maana. Sauti ataiga, lakini bila mtu wa kumpa kitu, neno halina linakoelekea.

SWALI: Nimeambiwa makinda kutoka misitu ya Kongo husema vizuri zaidi. Ninunue? *Msomaji, Mwanza*

JIBU: Usinunue. Tangu Januari 2017 kasuku wa kijivu yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imekatazwa. Wanaokamatwa hufa wengi njiani kabla hawajauzwa. Ukikuta anayeuzwa bila karatasi, wajulishe wahusika wa wanyamapori. Na kwa yeyote anayefikiria kufuga: aulize kwanza kibali cha nchi yake, kisha ajue kwamba ndege huyu anaweza kuishi zaidi ya miaka 40 na akiachwa peke yake kutwa hujinyonyoa manyoya.