Msimamizi wa mirathi yuko Dar, mi niko Newala

Dada, kumuandika tu kaka yako wa Dar kwenye wosia kuwa msimamizi wa mirathi, yaani wa kugawa mali zako ukifariki, halafu hamuongei haitoshi kabisa. Mpigie wiki hii muulize kama bado yuko tayari, maana ana haki ya kukataa, na akikataa bora ujue ukiwa hai ubadilishe wosia. Mwambie wosia umeuweka wapi, RITA (ofisi ya serikali inayotunza wosia) au kwa wakili, na karatasi za shamba na risiti za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ziko wapi, nani anakudai, na akija likizo mtembee wote shambani umuoneshe mpaka unaishia mkorosho upi, maana jirani akisogeza mpaka ye hajui kitu watoto ndo watateseka. Akibadilisha laini akwambie. Na andika msimamizi wa pili pia, wa kushika nafasi kaka akishindwa, tena anayeishi hukohuko Newala.