Picha za Tingatinga kwenye chumba cha kupanga
Dada, umeuliza uziwekeje picha zako tatu za Tingatinga, ile michoro ya Kitanzania ya rangi kali. Kama mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, achana na misumari. Ziegemeze juu ya kabati la TV, kubwa nyuma, ndogo mbele, na ugundishe kijiti chembamba cha mbao mbele yake zisiteleze. Fremu za dukani ni kujiumiza mfuko tu. Peleka vipimo kwa seremala wa mtaani akutengenezee. Kioo cha nini? Ile ni rangi ya mafuta, vumbi unafuta kwa kitambaa kikavu. Kioo weka kwenye picha za karatasi. Ila unyevu wa Dar haufai: bandika vipande vya kandambili kuukuu nyuma ya fremu, kwenye pembe, hewa ipite, la sivyo zitaota ukungu. Na jua la dirishani lisizipige.