Uwanjani mpole, ufukweni ananivuta mikono: majibu ya maswali yenu ya farasi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina farasi dume aliyehasiwa, ana miaka 9, namuweka huku Mbweni. Uwanjani ni mpole kabisa, hata mtoto wa dada yangu anampanda. Shida ni tukitoka, hasa wikiendi tukimpakia kwenye lori kwenda kupanda ufukweni Kigamboni na wenzetu. Akishuka tu anakuwa farasi mwingine, kichwa juu, anashtuka mtumbwi, anashtuka turubai, halafu anavuta hatamu mpaka mikono inakufa ganzi, na nikimvuta ndo kwanza anaongeza mwendo. Juzi kanikimbiza nikajua leo naanguka. Rafiki yangu anasema ninunue lijamu (kile chuma cha mdomoni) kali zaidi, mwingine anasema niuze tu. Nampenda sana huyu farasi. Nifanyeje? (Dada wa Mbweni)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, mwili unabaki unatetemeka hata ukishashuka.

Naanza na hiyo lijamu maana hapo ndo watu wengi wanapotea. Usinunue. Chuma kikali mdomoni kinaleta maumivu, na farasi akiumia hawazi kusimama, anawaza kuyakimbia hayo maumivu, sasa maumivu yenyewe yapo mdomoni mwake kwahiyo anakimbia nayo mpaka mwisho wa ufukwe. Halafu farasi mkubwa ana kilo 400 mpaka 500, hakuna binadamu wa kumzuia huyo kwa misuli. Ukivuta kwa mikono miwili kwa pamoja ukashikilia bila kuachia, unampa kitu cha kuegemea, analaza shingo yote hapo, we unavuta na yeye anavuta, na mwenye kilo nyingi ndo anashinda. Ndo maana unaona ukimvuta anaongeza mwendo. Sio ukaidi, anajibu kile mikono yako inachomwambia.

Na kiukweli huyo farasi wako sio mkorofi, anaogopa. Porini farasi ni windo, hana pembe, ulinzi wake ni miguu, kwahiyo anakimbia kwanza kufikiria baadae. Macho yapo pembeni ya kichwa, anaona karibu duara zima, kama digrii 350 hivi, sehemu asizoona ni ndogo tu, mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Masikio kila moja linageuka upande wake. Tena macho yake yanachelewa kuzoea akitoka kwenye jua kali kuingia kivulini, ndo unakuta anagoma ghafla mbele ya kivuli cha mwembe, maana kwa sekunde kadhaa hajui mule ndani kuna nini. Nyumbani Mbweni anajua kila ndoo imekaa wapi. Kigamboni hajui chochote, na wewe uliye mgongoni, ambae ndo ungemwambia hapa salama, umekakamaa mikono na pumzi umeibana.

Hilo la pumzi sio maneno ya kukufariji. Uswidi mwaka 2009 watafiti walichapisha jaribio zuri sana, waliwaambia watu wanaoongoza na kupanda farasi kwamba safari hii mkipita pale mwamvuli utafunguliwa ghafla. Mwamvuli haukufunguliwa. Lakini mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi nayo yakapanda, wakati farasi hakuna aliyemwambia kitu. Kwahiyo ukiona ngalawa mbele ukaanza kuwaza "hapa atashtuka", ujumbe umeshafika. Toa pumzi yote nje, hata kwa sauti, legeza mapaja, angalia mbali kule unakokwenda na sio hiyo ngalawa.

Sasa tuitazame safari yenyewe. Kutoka Mbweni mpaka Kigamboni umekaa nae kwenye foleni mpaka Mwenge, ukaenda Ubungo, ukashuka Mandela Road na malori ya bandarini yanapiga honi pembeni yake, ndo mkavuka Daraja la Nyerere. Farasi huko nyuma amesimama anajibalansi muda wote, joto, hewa nzito. Hofu kwa farasi inajumlishana, kila kitu kinachomshtua kinaongezeka juu ya kile cha mwanzo na haishuki haraka, kwahiyo lile turubai ulilodhani ndo tatizo ni la mwisho tu kwenye msururu mrefu. We unamshusha, unamtandika, unapanda ndani ya dakika kumi, wenzio watano wameshaanza kukimbiza farasi zao mbele. Hapo hata farasi mtulivu anachanganyikiwa.

Ningekuwa mimi, Kigamboni ningeisimamisha kwanza. Ununio ipo jirani yako hapo, fukwe ipo, kwanini uvuke mji mzima na farasi ambae bado hajajifunza kutoka? Na safari za mwanzo usipande kabisa. Mpeleke, mshushe, mpe maji, mpe nyasi, mtembeze kwa kamba taratibu, aangalie, arudi nyumbani. Wenye haraka wanaona ni kupoteza siku lakini mimi naona hizo ndo siku zenye thamani kuliko zote, farasi ana kumbukumbu kali, akishajua kwamba kutoka kunaisha salama analibeba hilo muda mrefu, na kinyume chake pia analibeba. Tafuta mwenzio mmoja tu mwenye farasi mtu mzima aliyetulia, atembee mbele yenu au ubavuni. Mmoja, sio kundi, maana farasi wengine wakikimbia wa kwako lazima afuate, ameumbwa hivo.

Kabla ya yote hayo lakini muite daktari wa mifugo amuangalie meno na mgongo, na tandiko kama halimbani mabegani. Jino lenye ncha kali linachoma shavu kila ukigusa hatamu, utafundisha mwaka mzima bure. Na chakula: kama anakula pumba na mahindi mengi halafu kazi anafanya jumamosi tu, hizo nguvu zitatokea pale pale ufukweni. Nyasi ziwe nyingi, nafaka kidogo. Siku ya safari mpe nyasi kabla hamjaondoka maana tumbo la farasi linatoa asidi muda wote, tumbo tupu linamuunguza na farasi anayeungua tumbo hatulii.

Kazi kubwa sasa ifanyie nyumbani, uwanjani kwako, akiwa ametulia. Mfundishe kusimama kwa hatamu moja. Uko kwenye mwendo wa kawaida, telezesha mkono wa kushoto mbele ushike hatamu ya kushoto ikiwa fupi, ya kulia iache ilegee, halafu vuta mkono wa kushoto taratibu mpaka usawa wa goti lako na utulie hapo hapo, usitikise. Pua itakuja upande wa goti, atazunguka kidogo, miguu ya nyuma itapishana. Akishapishanisha miguu ya nyuma ile nguvu ya kusukuma mbele inakatika, kwa hilo hana ujanja. Subiri. Ataganda, halafu utaona sikio la ndani linageukia kwako, taya inalegea, na ile hatamu inakuwa nyepesi mkononi. Sekunde hiyo hiyo achia yote. Sio baada ya kumpapasa, sio baada ya kusema vizuri, hapo hapo. Anajifunza pale unapoachia na sio pale unapovuta, ukichelewa kuachia umemfundisha kwamba kulegea hakuna faida. Fanya kushoto, fanya kulia, kwenye mwendo wa kawaida mpaka iwe anaelewa ukigusa tu, ndo uende kwenye troti (mwendo wa mchakamchaka), halafu kanta (mbio za taratibu). Ukifika hapo toka getini, uchochoroni, sehemu bodaboda wanapita, rudi. Kesho sogea mbele kidogo.

Mkikutana na kitu cha kuogopa, tuseme ngalawa imefunikwa turubai la bluu na upepo unalipiga (bluu anaiona vizuri tu, farasi wanaona bluu na njano, nyekundu ndo inawapa shida), usimlazimishe kwenda na usimgeuze akimbie. Simama mbali, pale alipoanza kuangalia na sio pale alipoanza kuruka. Mlegezee hatamu ashushe kichwa na kuinua anavyotaka, maana farasi anahitaji kusogeza kichwa ili aone vizuri mbele, ukimfunga kichwa karibu na kifua unamnyima macho. Atakoroma puani. Muache. Akilamba midomo au akishusha shingo, geuka nae taratibu muondoke, halafu mrudi karibu kidogo zaidi. Ukipita, mgeuzie pua kidogo upande wa pili wa kile kitu, ili kama ni kuruka aruke kuelekea kitu na sio mbali nacho, maana kuruka mbali ndo kunamuingiza barabarani au majini.

Na akishakurupuka kweli, ameshashika shoti? Usipige kelele, usiinamie mbele, wala usimkunje ghafla kwa hatamu moja, kwenye kasi hiyo miguu itajikwaa na mtaanguka wote. Kaa chini, mabega nyuma, bana hatamu moja kwenye nywele za shingo mkono ukiwa umekaza pale, na ya pili vuta-achia, vuta-achia. Kama mchanga ni mpana anza duara kubwa sana kisha lipunguze kidogo kidogo.

Kuhusu kuuza, mimi nasema bado. Farasi ambae mtoto anampanda uwanjani ana msingi mzuri. Mpe miezi kadhaa ya kazi hii, ikiwezekana na mtu mzoefu chini anakuangalia. Ikishindikana kabisa na wewe umebaki na hofu kila ukiona lori, hapo kumtafutia mtu mwingine anayemuweza ni kumtendea haki na yeye.

SWALI: Mwalimu shikamoo, mimi ni kijana nahudumia farasi Kigamboni. Bosi anasema kabla wateja hawajaja nimzungushe farasi kwa kamba ndefu lisaa lizima achoke ndo atatulia. Mbona anachoka na bado anashtuka? Na muda gani mzuri kumtoa, maana wananiambia alfajiri.

JIBU: Marahaba kijana wangu, na macho yako yameona sawa. Kuchoka na kutulia ni vitu viwili tofauti. Kumzungusha lisaa kila siku kunamuumiza viungo vya miguu na kunamjengea pumzi, baada ya mwezi utahitaji lisaa na nusu. Muombe bosi kwa heshima akuruhusu ufanye robo saa tu lakini ya kutumia akili: nenda, simama, rudi nyuma hatua mbili, geuka, badilisha upande. Farasi anayekusikiliza chini atakusikiliza na ukiwa juu.

Alfajiri kuna baridi nzuri kweli, ila usubi wanang'ata sana kuanzia magharibi mpaka alfajiri, na hao ndo wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika ambao unaua haraka sana. Usiku alale ndani, kwenye wavu wa matundu madogo madogo kama mnaweza. Mimi ningemtoa jua likishachomoza vizuri, saa moja na nusu hivi, mpaka saa tatu, kabla ya joto. Akirudi mmwagie maji na apate chumvi, jasho la farasi linatoka na chumvi nyingi mno. Kipindi cha kusi upepo ukivuma sana kila kitu kinapepea na sauti zinakuja ovyo, siku hizo mfanyie kazi bandani, mteja mgeni asipande ufukweni. Na angalia maji: bamvua (maji makubwa) yakijaa mchanga unabaki kamba nyembamba, ukikutana na mbwa hapo huna pa kugeuzia.

SWALI: Dada yangu mwalimu, habari za siku. Binti yangu ana miaka 13, anapenda farasi kupita kiasi. Pale anapojifunzia walimpa farasi mwenye nguvu kwenye matembezi ya ufukweni, alipogeuzwa kurudi nyumbani akakimbia, mtoto akaanguka. Hakuumia sana namshukuru Mungu, lakini sasa anaogopa na anaona aibu kusema. Nimuachishe? (Mama wa Mikocheni)

JIBU: Nzuri mama, pole na umpe pole binti. Usimuachishe na usimlazimishe pia. Mwambie wazi kwamba ana haki ya kumwambia mwalimu "huyu hapana" kabla ya kupanda, na kwamba kushuka katikati ya matembezi akatembea na farasi wake kwa miguu sio kushindwa, wapandaji wazoefu wanafanya hivo. Arudi kwa yule mpole, uwanjani, kwa mwendo wa kawaida, mpaka aanze kucheka tena mwenyewe.

Na wewe nenda ukakae na mwalimu. Muulize nani alikuwa mbele na nani nyuma ya kundi, na kwanini mtoto alipewa yule farasi siku ile. Kukimbia wakati wa kurudi ni tabia inayojulikana sana, nyumbani ndo kuna wenzake na chakula, kwahiyo kundi halitakiwi kamwe kukimbizwa likiwa limeelekea bandani, kurudi ni kutembea tu, na mara nyingine mnapita banda mnaenda mbele kidogo ndo mnarudi. Mwalimu akikasirika kwa maswali hayo, tafuta pengine.

Binti asizungushe hatamu mkononi hata mara moja, akianguka aachie. Viatu viwe na kisigino kidogo mguu usipenye kwenye kikuku (kile chuma cha kukanyagia kwenye tandiko) akaburutwa. Na ile helmeti aliyoanguka nayo, kama iligonga chini, isivaliwe tena hata kama haionyeshi ufa. Mnunulie nyingine kabla hajarudi.