Nilipoambiwa "sit tight" nikakaa mkao wa kula

Mdogo wangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema mtaani Tanga wanadai dada yako anakula pauni na kuongea kama Mzungu, na kwamba wewe uliyepata A ya Kiingereza kidato cha nne utateleza tu huku. Wakala anataka milioni nane akutafutie kazi ya kuhudumia wazee. Maneno hayo yameniudhi, ingawa si wewe ninayekukasirikia.

Hela hiyo usitoe. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga mlango wa kuajiri wahudumu wapya wa wazee kutoka nje. Anayekuahidi nafasi hiyo leo anakuibia.

Sasa hicho Kiingereza. Cha darasani hata mimi ninacho. Kilichoniumiza ni kile cha mwili: kusimama, kukaa, kuinama, kulala. Maneno yenyewe unayajua tangu shule ya msingi, lakini yakitoka kinywani mwa bosi yana maana nyingine kabisa.

Mwaka wangu wa kwanza wa kuhudumia wazee huku, zamu zilikatika. Nikapiga simu ofisini, meneja akasema "sit tight". Mimi nikaelewa kaa mkao wa kula, chakula kinapakuliwa. Nikakaa kweli, wiki tatu, simu mkononi, asubuhi nimeshavaa koti ili wakiita nitoke. Kumbe maana yake ni tulia hapohapo, usifanye lolote, ngoja. Ahadi haimo. Ndio ule mwezi niliotuma nusu ya hela, mama akanyamaza, nyie mkasema nimebadilika.

Nilipokwenda kulalamika, meneja akaniambia kampuni "bent over backwards" kwa ajili yangu, yaani imepinda mgongo kinyumenyume. Nikampa pole ya mgongo. Niliitoa kwa moyo, maana kazi hii ya kunyanyua watu imetuharibu migongo sote. Akanikazia macho, akidhani namdhihaki. Alikuwa anasema wamejitahidi kupita kiasi kunisaidia nami sina shukrani. Mama aliponiaga alisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi tunainama mbele, kutafuta. Hawa wanainama nyuma, halafu wanakudai.

Ningemjibu nini? Kibali changu kimefungwa kwa mwajiri. Akiniachisha, kwa kawaida napewa siku 60 za kupata mwingine au kufungasha. Nikaomba radhi.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja niliyekuwa namhudumia, mwalimu mstaafu aliyelazwa na kiharusi. Kila baada ya saa mbili tunamgeuza. Ndara zake zipo chini ya kitanda, zimepangwa sambamba, soli safi kama zimetoka dukani. Siku hiyo aliona macho yangu mekundu, akauliza, nikamsimulia. Akasema, "Don't take it lying down." Nikamtazama alivyolala, nikakosa neno. Akanieleza taratibu: usikubali kuonewa kimya, kama mtu anayepigwa huku amelala chini. Tangu hapo akanifundisha msemo mmoja kila zamu. "Stand your ground" ni simama kidete, usirudi nyuma hata hatua. "Sit on the fence" ni kukaa juu ya uzio, yule asiyetaka kujulikana yuko upande gani. "Back on your feet" ni kuinuka tena baada ya ugonjwa au kufilisika. Huo alinifundisha akiziangalia zile ndara.

Nikaandika barua pepe kudai saa zilizo kwenye mkataba wangu. Zamu zikarudi, si zote.

Kwa hiyo usije. Ukisomea uuguzi ukasajiliwa, njoo, mlango huo bado upo na nitakupokea mwenyewe. Ila mama atabaki na nani? Najua mimi ndiye niliyetangulia kumwacha, na usiku mwingine hilo linaninyima usingizi. Basi soma kwanza, tutaongea. Siku ukija, wakisema neno la mwili usilolielewa, usitabasamu tu, uliza hapohapo. Wakikuambia "sit tight", uliza mpaka lini, uandike tarehe mbele yao.

Hela ya dawa za mama nimetuma leo asubuhi. Zile wiki tatu usimwambie.