Kwanza uji

Mwanangu Baraka,

Marahaba. Unauliza: mteja akikuomba umwombee katikati ya kikao, umwombee, au umkumbushe kwamba wewe ni mwanasaikolojia na si mchungaji? Unasema msimamizi wako amekuonya kwamba mambo ya imani yaanzishwe na mteja mwenyewe, kwa ridhaa yake. Sasa huyu ameyaanzisha, nawe umekwama.

Mimi sikusoma ulichosoma. Ila kile kiti cha mteja nimekikalia.

Mwaka ule tuliomzika dada yako Neema unaukumbuka. Usichokijua ni kwamba baada ya arobaini, watu walipoacha kuja, nilijifunza ujanja. Mtu akinitazama usoni na kuniuliza, "Mama Baraka, unalala kweli?" nilimjibu, "Niombee tu." Basi anainamisha kichwa, anaomba, anasema amina, anaaga. Na swali lake anaondoka nalo. Niliombewa na nusu ya kanisa, na hakuna aliyejua kwamba nakesha mpaka majogoo nimeshika soksi ya manjano ya mtoto.

Mzee mmoja wa kanisa aliniambia Mungu huchuma ua analolipenda. Mpaka leo maua mezani yananiumiza. Ingawa, niseme kweli, maneno hayohayo ndiyo yaliyomshika baba yako asianguke, akayarudia hadi siku zake za mwisho. Siwezi kuyaita mabaya. Mimi yalinichoma.

Aliyenifungua ni yule dada muuguzi wa zahanati. Tuliimba naye kwaya moja, lakini nilipomwambia "niombee", alivuta kiti akaniuliza, "Nikuombee nini hasa?" Nikakosa la kusema. Nikalia mpaka foleni nje ikaanza kunung'unika. Hakuniambia ninyamaze. Alinimiminia uji kutoka kwenye chupa yake mwenyewe, akanipangia kwenda kwa daktari kwa ajili ya usingizi, akaandika kwenye kadi nirudi Jumanne. Jumanne ya tatu ndipo nilipomwomba sala nikijua ninachokiomba.

Ndiyo maana nasema, hata mkichoka kunisikia: kwanza uji. Nabii Eliya aliketi chini ya mti wa mretemu akaomba afe, na malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia ale. Eliya akala, akalala tena. Akaguswa mara ya pili: ule, safari ni ndefu. Mungu kumuuliza anafanya nini pale kulikuja baadaye, kule mlima Horebu. Rafiki zake Ayubu nao walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila neno. Walikosea walipofungua midomo kumweleza sababu. Na Zaburi ya 88 inaishia gizani, wala hakuna aliyeifuta.

Lakini hapo hapo najipinga. Uji peke yake? Yule dada asingekuwa mtu wa sala, angenivumilia Jumanne tatu? Dkt. Gladys Mwiti unayemsifu, aliyeanzisha kituo cha ushauri nasaha cha Oasis Africa kule Nairobi, hakuiacha imani yake mlangoni alipoingia kwenye saikolojia, nami nisingependa wewe uiache. Lakini akija Mwislamu, au asiye na dini, amechoka na ndoa yake? Msimamizi wako yuko sahihi. Mtu aliyejeruhiwa hana nguvu ya kukataa. Mimi sikuweza kumwambia mzee yule anyamaze, na nilikuwa nyumbani kwangu.

Ulitaka ndiyo au hapana. Ninayo, iko ncha ya ulimi, unanijua. Naimeza kwa shida, kwa kuwa aliye mbele yako sijamwona uso. Muulize alichoniuliza yule dada, kisha uniandikie amejibu nini.

Soksi bado ipo, kwenye kopo la vifungo juu ya kabati. Ukija Pasaka nitakuonyesha.

Mama yako